Kupima Umeme Soketi kwa Soketi kwenye PDU za Raki

Seva nyingi za kazini zina pawa saplai mbili: moja imechomekwa PDU ya kushoto, nyingine PDU ya kulia. PDU ni ubao wa soketi unaogawa umeme ndani ya raki, yaani kabati la seva. Moja ikifa, seva haizimi. Taa ndogo ya rangi ya machungwa inawaka nyuma ya raki, mahali ambapo hakuna anayepita, na mzigo wote unahamia upande wa pili. Ukijumlisha ampea za PDU zote mbili, jumla ni karibu ileile ya jana. Kwa hiyo anayetazama jumla peke yake hupata habari siku stima inapoyumba na ule upande uliobaki ukaanguka. Hapo seva inazima, mfumo wa mizigo unasimama, na madereva wa malori waliopanga foleni wanaanza kupiga simu.

Dawa yake ni kupima kila soketi peke yake, kisha kuisoma pamoja na jozi yake ya upande wa pili. Mfano tutakaoutumia ni raki moja katika ofisi ya wakala wa forodha pale Shimanzi, Mombasa: PDU mbili za wima, kila moja ya fezi moja, volti 230, ampea 32, yenye soketi 21 za C13 (za waya wa kawaida wa kompyuta) na 3 za C19 (kubwa zaidi). Hiyo ndiyo AP8653 ya kampuni ya APC. Upande A unatoka kwenye UPS (betri ya akiba), upande B unatoka kwenye stima moja kwa moja, na jenereta nyuma yake. Ukiwa na aina nyingine mbinu ni zilezile, anwani za SNMP (lugha ambayo vifaa vya mtandao hutumia kutoa vipimo vyao) tu ndizo zitakazobadilika.

Kwanza: je, PDU yako inapima soketi kweli?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. PDU yenye waya wa mtandao si lazima ipime kila soketi, na ile inayoweza kuwasha na kuzima soketi ukiwa mbali pia si lazima ipime. Hizo ni kazi mbili tofauti. Kwa APC, zinazoanza na AP88 hupima jumla tu. Zinazoanza na AP89 huwasha na kuzima soketi bila kupima kila moja. AP84 hupima kila soketi bila kuizima, na AP86 hufanya yote mawili. Kwa Raritan PX, mfululizo wa 1000 hupima jumla, 2000 huwasha na kuzima, 4000 hupima kila soketi, na 5000 hufanya yote.

Anayenunua vilivyotumika asome bamba la nyuma kabla ya kulipa. AP7900 na AP7920 zinafanana kwa sura kama mapacha, lakini ya kwanza ni ya volti 120 yenye soketi za Marekani, na volti zetu 240 hazitaihurumia. Hata AP7920, ambayo volti zetu inazistahimili, haipimi soketi mojamoja.

Vitu vingine vya kuandaa kwa raki moja:

- Nyaya za pawa C13–C14 zenye rangi mbili, kwa mfano nyekundu za A na bluu za B, urefu mfupi unaotosha
- Kebo 2 za mtandao za Cat6
- Lebo za plastiki zisizofutika, mbili kwa kila waya, moja kila ncha
- Kipima joto na unyevu kinachochomekwa kwenye PDU (kwa APC ni AP9335TH), angalau kimoja mbele ya raki
- Kompyuta ndogo ya Linux ya ufuatiliaji, na modemu ya laini ya simu
- Mita ya kubana waya, ile mafundi wa stima wanayoiita klampu

Plagi ya bluu ya ampea 32 na breka yake ukutani si kazi ya mtu wa kompyuta. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Ramani kabla ya programu

Soketi namba 6 inayosoma wati 152 haikuambii kitu mpaka ujue nani amechomeka pale. Chora ramani kwanza. Sheria tunayoisisitiza kuliko zote ni hii: kila kifaa chenye pawa saplai mbili kitumie namba ileile pande zote, A6 na B6, A7 na B7. Ukifanya hivyo, kila hesabu ya mbele inakuwa rahisi. Usipofanya hivyo, utatunza jedwali la jozi kichwani mwako hadi siku utakapokwenda likizo.

PDU ya ampea 32 kwa kawaida imegawanywa benki mbili, kila benki na breka yake ya ampea 16. Mpaka wa benki umechapishwa kwenye mwili wa kifaa. Gawa seva nzito kati ya benki hizo. Kosa la kawaida ni kuanza kuchomeka kutoka juu kushuka chini mpaka soketi ziishe, benki ya kwanza ikabeba ampea 13 na ya pili 3.

Vipi kama raki tayari inafanya kazi na hakuna anayejua waya upi ni wa nani? Usichomoe ili kuona nani atapiga kelele. Ingia kwenye seva nje ya saa za kazi na uipe kazi nzito kwa dakika mbili:

`stress-ng --cpu 0 --timeout 120s`

Kisha tazama PDU zote mbili. Soketi zilizopanda kwa pamoja, mathalani kutoka wati 140 hadi 230, ndizo zake. Ikipanda moja peke yake, umegundua tatizo kabla hata ya kusakinisha chochote: ama pawa saplai ya pili haina waya, ama imekufa, ama seva imewekwa itumie moja na kuiacha nyingine ya akiba. Kwa kuthibitisha, seva nyingi hutaja zenyewe wati zinazokula:

`ipmitool dcmi power reading`

Namba hiyo ilingane kwa karibu na A na B ukizijumlisha.

Andika jina la kifaa ndani ya PDU yenyewe, kwenye ukurasa wa mipangilio ya soketi, si kwenye lahajedwali peke yake. Jina fupi lenye mpangilio mmoja linatosha: `db1-A`, `db1-B`, `swichi-kuu-A`. Programu ya ufuatiliaji italivuta jina hilo lenyewe, na fundi wa usiku atalisoma hata mtandao ukiwa umekufa. Soketi tupu nazo zipe jina `tupu`. Siku ikionyesha wati 40, utajua kuna mtu amechomeka chaja yake.

Mtandao na milango

PDU ni kifaa ambacho anayekiingia anaweza kuzima kampuni nzima kwa kubofya. Kiweke kwenye VLAN ya usimamizi (mtandao uliotengwa), kisionekane kutoka kwenye Wi-Fi ya ofisi wala kutoka intaneti. Kipe anwani ya IP isiyobadilika. Hapa tutasema A ni 10.20.0.11 na B ni 10.20.0.12. Zima Telnet na HTTP, acha HTTPS na SSH. Badilisha nenosiri la kiwandani, ambalo kwa APC za zamani ni `apc` kwa `apc` na dunia nzima inalijua. Weka saa kwa NTP, la sivyo kumbukumbu ya matukio ya A na ya B hazitalingana siku utakapozihitaji.

Kadi za mtandao za PDU nyingi huishia megabiti 100. Ukiichomeka kwenye mlango wa swichi unaokubali gigabiti pekee, hasa moduli za shaba za SFP, taa haitawaka, na utabadilisha kebo tatu bure. Tumia mlango wa kawaida ulioachwa ujipangie kasi wenyewe.

Kwa kusoma vipimo, fungua SNMPv3 na utengeneze mtumiaji wa kusoma tu, mwenye uthibitisho wa SHA na usimbaji wa AES. Kwenye APC mambo ni matatu na watu husahau la tatu: kuwasha SNMPv3 yenyewe, kujaza wasifu wa mtumiaji, halafu kumruhusu mtumiaji huyo kwenye ukurasa wa udhibiti wa ufikiaji. Neno la siri kila moja liwe na herufi kati ya 15 na 32, likipungua, litakataliwa. SNMPv1 izimwe, na ruhusa ya kuandika isitolewe kwa programu ya kutazama. Inayotazama haina haja ya kuzima.

Kusoma kwa mkono kwanza

Kabla ya kuingiza PDU kwenye programu kubwa, hakikisha inajibu. Kwenye Debian au Ubuntu sakinisha kifurushi cha `snmp`, kisha:

`snmpwalk -v3 -l authPriv -u msomaji -a SHA -A 'neno-la-kwanza-refu' -x AES -X 'neno-la-pili-refu' -Oqn 10.20.0.11 1.3.6.1.4.1.318.1.1.26.9.4.3.1.7`

Utapata mistari 24, kila mmoja ukiishia na faharasa ya soketi na wati zake. Namba ya mwisho ya anwani ndiyo inayochagua kipimo. Kwa APC za kizazi cha AP84 na AP86, jedwali hilo lina:

- `.3` jina la soketi
- `.4` namba ya soketi kwenye PDU yake
- `.5` kama imewashwa au imezimwa
- `.6` mkondo, kwa sehemu za kumi za ampea
- `.7` nguvu, kwa wati
- `.11` nishati iliyokusanyika, kwa sehemu za kumi za kWh

Mkondo wa benki uko `1.3.6.1.4.1.318.1.1.26.8.3.1.5`, nao pia ni sehemu za kumi za ampea. Kwa hiyo 64 ni ampea 6.4. Usipogawanya kwa 10, tahadhari yako ya kwanza itadai raki inakula ampea 64, na kuanzia hapo hakuna atakayeziamini. Raritan hufanya kwa namna nyingine: kila kipimo kina sehemu yake inayosema tarakimu ngapi ni za desimali, na lazima uisome hiyo pia badala ya kukisia.

PDU kadhaa zikiunganishwa kwa mnyororo chini ya anwani moja ya IP, usitegemee faharasa pekee kuijua soketi. Soma pia safu ya `.2`, inayotaja ni kifaa cha ngapi kwenye mnyororo, na `.4`.

Sasa zingatia sehemu ya kumi ya ampea ina maana gani. Kwa volti 240, ampea 0.1 ni volti-ampea 24. Ruta ndogo inayokula wati 9 inaweza kusomeka ampea 0.0 ilhali iko hai na inapiga kazi. Kwa vifaa vidogo fuata wati, wala usitumie ampea kuamua kama kifaa kimezimika. Kwa breka ni kinyume: breka haijui wati, inajua ampea, na volti zikishuka ampea hupanda. Seva ya wati 300 hula karibu ampea 1.25 kwa volti 240. Stima ikidhoofika hadi volti 200, seva hiyohiyo itavuta 1.5. Upande B usio na UPS ndiko utakakoliona hilo, jioni mji mzima ukiwa umewasha AC.

Je, vipimo ni vya kweli? Vipime. Chukua waya wa C14 wenye soketi ya kawaida ya ukutani ya ampea 13 upande wa pili, chomeka taa ya zamani ya wati 100, ile ya waya unaong'aa na si LED. PDU isome karibu na wati 100 na ampea 0.4. Ukitumia klampu, kumbuka kubana waya mmoja tu wa laivu. Ukibana kebo nzima, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana, na mita itasema sifuri.

Kuingiza kwenye Zabbix

Programu za ufuatiliaji ziko kadhaa. LibreNMS itatambua PDU za kawaida yenyewe na kuchora grafu ndani ya nusu saa, lakini kwa kawaida huuliza kila dakika 5. Prometheus pamoja na snmp_exporter ni nzuri kama tayari mnaitumia. Kwa jozi za A na B tunapendelea Zabbix, kwa sababu masharti yanayogusa vifaa viwili huandikwa kwa mstari mmoja.

Unda wenyeji (hosts) wawili, `pdu-a` na `pdu-b`. Tengeneza kanuni ya ugunduzi (discovery rule) inayotembea kwenye safu ya majina, ili kila soketi ijizalie vipimo vyake: wati, ampea na kWh. Kuanzia toleo la 6.4 tumia kipimo cha `walk[]` kinachovuta jedwali zima mara moja, kisha vipimo vya soketi vitegemee hicho. Soketi 24 mara vipimo 3 mara PDU 2 ni namba 144, na kuziuliza mojamoja ni kuionea kadi ndogo ya PDU. Uliza kila sekunde 60. Ukiuliza kila sekunde 5, ukurasa wake wa kivinjari utaanza kukwama na majibu ya SNMP yatapotea njiani, nawe utadhani mtandao ni mbovu. Majibu yakipotea hata kwa sekunde 60, punguza idadi ya marudio ya ombi moja (max repetitions).

Kwenye hatua ya usindikaji (preprocessing), zidisha ampea na kWh kwa 0.1. Wati ziache zilivyo.

Tahadhari zenye maana

Watu wengi huweka kikomo kimoja, ampea 8 kwa kila soketi, na kuondoka. Kikomo hicho hakitalia kamwe, kwa sababu hakuna seva ya kawaida inayofika huko, na mambo yanayoharibika kweli yanatokea chini yake.

Tahadhari ya kwanza na ya thamani kuliko zote ni ya jozi iliyovunjika:

`max(/pdu-a/soketi.w[6],5m)<5 and min(/pdu-b/soketi.w[6],5m)>50`

Maana yake: kwa dakika 5 mfululizo A6 haijavuka wati 5, na B6 inafanya kazi. Andika na ya kinyume chake. Dakika 5 zinatosha kuepuka kelele za fundi anayebadilisha waya. Lakini jihadhari na seva zilizowekwa pawa saplai ya akiba, kama Hot Spare ya Dell au High Efficiency Mode ya HPE. Hizo kwa makusudi huweka karibu mzigo wote upande mmoja, na upande wa pili hubaki na wati chache. Kwa seva kama hiyo, ama zima mpangilio huo ili mzigo ugawanyike, ama soma hali ya pawa saplai kutoka kwenye seva yenyewe. Sisi tungeuzima. Umeme unaookolewa ni mdogo, na unakuachia grafu isiyoweza kukuambia kitu.

Mtego mwingine uko hapa. Ubongo wa PDU unakula umeme kutoka kwenye waya wake yenyewe. Upande A ukikatika wote, `pdu-a` haitasema soketi ziko sifuri. Itanyamaza kabisa, na Zabbix itabaki na namba ya mwisho iliyoiona, wati 152, kana kwamba mambo ni shwari. Ukimya lazima uwe tahadhari yenyewe:

`nodata(/pdu-a/soketi.w[6],5m)=1`

Moja kwa kila PDU inatosha. Zifanye tahadhari za jozi ziitegemee hiyo, usije ukapokea jumbe kumi na mbili za simu usiku kwa tukio moja.

Tahadhari ya benki nayo isome pande zote kwa pamoja. Breka ni ampea 16. Tunapenda mzigo wa kudumu usizidi asilimia 80, yaani 12.8. Upande mmoja ukianguka, mwingine utabeba vyote, kwa hiyo benki 1 ya A na benki 1 ya B zikijumlishwa ndizo zisizopaswa kuvuka 12.8:

`last(/pdu-a/benki.a[1])+last(/pdu-b/benki.a[1])>12.8`

Kila upande peke yake unaweza kusoma ampea 8, nusu tu ya breka, na macho yasione shida. Siku A ikikatika, B inapokea 16, na breka iliyoko kwenye chumba chenye joto haitavumilia muda mrefu. Raki nzima inazima kwa sababu ya hitilafu ambayo pande mbili zilinunuliwa kuizuia. Na hesabu hii ni sahihi tu ikiwa ulifuata ile sheria ya kutumia namba ileile pande zote.

Kuna na ishara isiyo ya soketi moja. Soketi za seva zote zikianza kupanda kidogo kidogo kwa pamoja, bila kazi kuongezeka, tazama AC. Hewa inayoingia ikipata joto, feni huongeza kasi, na nguvu ya feni hupanda kwa mchemraba wa kasi yake: kasi mara mbili ni nguvu mara nane. Jumla ya wati za seva ikipanda asilimia 10 juu ya wastani wa saa ileile ya jana, na kipima joto kinapanda pia, mtume fundi wa AC kabla seva hazijaanza kujizima. Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, tahadhari hii itakulipa gharama ya mradi mzima.

Chumvi, unyevu na jino lililolegea

Hewa ya pwani hushambulia madini. Meno ya plagi ya C14 hupata utando, mgusano unapungua, na soketi inapata joto. PDU haitalionyesha hilo moja kwa moja, kwa sababu wati zinabaki karibu zilezile. Utakachokiona ni soketi inayoruka hadi sifuri kwa sekunde chache na kurudi, au seva inayolalamika kupoteza pawa saplai kisha kuipata tena. Kila miezi mitatu pita na kipimajoto cha mwali (infrared) kwenye plagi zote. Plagi yenye mzigo sawa na jirani yake lakini ina joto zaidi kwa nyuzi 10, ing'oe kwa zamu yake na uitazame. Ikiwa imebadilika rangi, tupa waya. Usiisugue kwa msasa. Unaondoa ile ngozi nyembamba iliyokuwa ikiilinda.

Nyaya zinazojifunga kwenye soketi hugharimu zaidi kidogo, lakini kwenye raki ambayo watu wengi wanaingiza mikono nyuma yake, zinunue.

Umande ni hatari zaidi ya chumvi. Kwa hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, maji huanza kujikusanya juu ya chochote chenye joto chini ya nyuzi 25 hivi. Chumba kilichopozwa hadi 19 kikifunguliwa mlango na kuachwa wazi asubuhi nzima ili kipate hewa kwa sababu AC imezima, chuma cha raki kinatoka jasho. Mlango ubaki umefungwa, na ikibidi kufungua, punguzeni mzigo kwanza.

Stima inaporudi

Baada ya kukatika, vifaa vyote hutaka kuamka kwa pamoja, na mkondo wa kuamka ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa kawaida. Kama PDU yako inawasha na kuzima, weka ucheleweshaji. Mpangilio unaofaa raki yetu: swichi na ruta sekunde 30, hifadhi ya data 60, kisha seva kuanzia 150, kila moja ikipishana na mwenzake kwa sekunde 15. Weka muda uleule kwa A na kwa B. Ukisahau upande mmoja, seva zitaamka zote kupitia upande huo na kazi yako imekwenda na maji. Kwenye BIOS ya kila seva chagua irudie hali iliyokuwa nayo kabla ya kukatika.

Kuwasha upya kadi ya mtandao ya APC hakukati umeme wa soketi, kwa hiyo usiogope kuisasisha. Kinachopaswa kuogopwa ni kitufe cha jirani yake kwenye ukurasa uleule. Na ukitaka kuiwasha upya seva iliyoganda, kuzima A6 pekee hakutafanya kitu maadamu B6 inailisha. Zima zote mbili, subiri sekunde 10, washa zote mbili.

Nishati kwa mwezi

Kaunta ya kWh haishuki, ila mtu akiifuta. Hesabu kwa kutoa: leo toa mwezi uliopita, A jumlisha B. Seva ya wati 300 itakuwa na kWh 7.2 kwa siku, 216 kwa siku 30. Ukizidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako ya Kenya Power unapata gharama yake, bila ya AC, ambayo PDU haiioni. Kifaa cha wati 20 huchukua saa 5 kusogeza kaunta tarakimu moja, kwa hiyo grafu ya kila saa ya kifaa kidogo itakuwa na ngazi. Si hitilafu.

Kujaribu

Kompyuta ya ufuatiliaji ikichomekwa kwenye raki ileile, na ujumbe ukipita kwenye ruta iliyomo humohumo, siku raki ikizima hutapata ujumbe wowote. Iweke nje ya raki, na UPS yake ndogo na modemu ya laini ya simu.

Kisha, Jumamosi jioni ofisi ikiwa tupu, chomoa waya wa B6 kwa mkono. Hesabu dakika. A6 ipande hadi karibu mara mbili, ujumbe ufike kabla ya dakika 7, na utaje jina la kifaa, si namba ya soketi pekee. Rudisha, subiri ujumbe wa kupona, nenda A7. Ukimaliza jozi zote, zima breka ya upande B mzima: seva zote zibaki hai, ujumbe mmoja tu wa ukimya ufike, na ampea za kila benki ya A zisivuke 12.8. Zikivuka, usirudi nyumbani kabla ya kuhamisha seva moja kwenye benki ya pili.